Mitungi ya Mzee Ekwam

Miezi minne sasa Nakiru alikuwa akilala jikoni kwa shangazi yake, mjini Lodwar, kichwa kikigusa gunia la makaa. Mchana alikuwa mkaguzi wa kaunti. Kazi yake ilikuwa kuorodhesha nyumba zisizokaliwa, kwani sasa zilitozwa ushuru hadi zipate wapangaji.

Jumatano alifika kwa mzee Ekwam, mwenye vyumba sita vilivyofungwa tangu vijengwe. Ekwam alikuwa akisubiri shirika la misaada liyapange yote. Mashirika yalikuwa yamejaa Kakuma. Moja lingehamia Lodwar siku moja, na mashirika hayabishanii bei. Walimu na wauguzi walibishana, kwa hiyo aliwarudisha langoni.

"Ejok, mzee."

"Ejok. Andika vyote vina watu. Si unaona mitungi?"

Kila mlango ulikuwa na mitungi miwili ya njano, ya lita ishirini. Nakiru aliinua mmoja, kisha wa pili. Alimaliza yote kumi na miwili. Yote ilikuwa imejaa.

"Wapangaji wako wapi?"

"Kazini."

"Wote?"

"Ni watu wa bidii."

"Na maji wameyaacha nje."

Mabomba ya mtaa yalikuwa makavu kwa siku ya tisa sasa. Kwenye kioski cha maji, hatua mia mbili kutoka pale, watu walikuwa wamekalia mitungi yao mitupu tangu alfajiri. Lodwar mtungi mtupu ndio hukaa nje. Uliojaa huingizwa ndani na mlango ukafungwa.

"Wanaaminiana," alisema Ekwam.

"Wewe huwaamini majirani, mzee. Umeketi hapa kuilinda mitungi."

Ekwam alishusha sauti. "Nasikia unalala jikoni, mwanangu. Chukua kile chumba cha mwisho, nusu bei. Hivyo vingine andika vina watu."

Nakiru alichungulia. Kilikuwa na madirisha mawili. Alipaona mahali pa kitanda. Akaandika: sita, vitupu.

Notisi ya ushuru ilipomfikia, Ekwam alishusha bei. Baada ya wiki tatu Nakiru alirudi, safari hii akiwa na kodi ya mwezi mmoja mkobani. Mitungi milangoni ilikuwa mitupu, mmoja umepasuka.

"Umechelewa," alisema Ekwam. "Cha mwisho kimechukuliwa asubuhi na muuguzi. Amebishana mpaka nikachoka."

Nakiru alifungua daftari, akaandika: sita, vinakaliwa. Kisha akarudi kwa shangazi. Gunia jipya la makaa lilikuwa limeletwa, nalo lilikuwa kubwa kuliko la kwanza.