Safu ya Nyuma

Mtaalamu hakuwa mtu wa kazi nusunusu. Hivyo ndivyo alivyojijua, na hivyo ndivyo walivyomjua wenzake, mpaka siku ile ya nyuki.

Kampuni yao ilikuwa ndogo: yeye, bosi wake, na karani mmoja aliyekuwa akipokea simu za wote wawili. Wakala wa serikali wa mazingira uliwapa kazi ya kukagua transfoma kuukuu zilizorundikwa katika yadi ya shirika la umeme, sitini na nne kwa jumla. Transfoma za zamani nyingine huwa na mafuta yenye sumu, nayo ni sumu isiyonuka wala kuonekana. Huingia mwilini kwa ngozi na kwa mdomo, na ikishaingia haina haraka ya kutoka. Kazi yake ilikuwa kufungua kila transfoma, kuvuta mafuta kidogo kwa bomba la sindano, kuyatia kwenye kichupa cha dawa, kutikisa na kungoja. Dawa ikigeuka zambarau, mafuta ni salama. Ikitoka nyeupe kama maji, sumu ipo.

Zile arobaini na tano za mbele alizimaliza kwa siku tatu, jua likimpiga utosini na jasho likimchuruzika ndani ya glovu. Zote zambarau. Alhamisi asubuhi akaingia safu ya nyuma, kule ukutani, majani yalikoota hadi kiunoni. Alipogonga mfuniko wa transfoma ya kwanza, nyuki walimtokea kama walikuwa wakimngojea yeye. Alitimua mbio, daftari huku, kiatu kule. Mlinzi wa yadi alicheka mpaka akaegemea geti.

"Pole, mama. Hao ni wapangaji wangu, mwaka wa sita sasa. Tunaheshimiana," mlinzi alisema alipopata pumzi. "Nitamwita mtu wa kuwafukuza kwa moshi. Ila mpaka Jumatatu."

Ripoti ilitakiwa Ijumaa. Bosi alikuwa ameshapiga simu mara mbili tangu asubuhi, na mara ya pili hakusalimia. Mtaalamu alikaa kwenye benchi la mlinzi, jicho moja limevimba, akazitazama zile kumi na tisa kwa mbali. Zilikuwa za kijivu kama zile za mbele, na umbo lao ni lilelile. Akajiambia kiwanda ni kimoja. Vibao vya kiwanda hakuvisoma, maana hakuvisogelea. Akafungua fomu, na katika mistari kumi na tisa iliyobaki akaandika: zambarau, zambarau, zambarau, hadi chini. Kisha akatia saini.

Mkono haukumtetemeka. Baadaye, katika yote yaliyomtesa, hilo ndilo lililomtesa zaidi.

Miezi minne ilipita. Kwa nguvu ya ripoti hiyo shirika lilipata kibali cha kuziondoa transfoma, na mafundi wa mjini wakaruhusiwa kuchukua vyuma na mafuta. Mtaalamu hakuwa na habari. Alikuwa ameshahamia kazi nyingine ya kupima moshi wa mitambo, na zile za safu ya nyuma zilikuwa zikimjia akilini mara mojamoja tu, kama mtu uliyeahidi kumpigia simu.

Jumapili moja mchana akaenda kumwona mama yake. Mama alikuwa akiishi kwa mdogo wake Mtaalamu, fundi wa kuchomelea ambaye mtaa mzima ulimwita Cheche. Karakana yake ilikuwa mbele ya nyumba, na mageti yaliyokuwa hayajapakwa rangi yaliegemea ukuta. Aliingia uani akamkuta mama amekaa mkekani, miguu ameinyoosha, na wifi yake amepiga magoti akimkanda kwa mafuta kutoka chupa ya soda.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Njoo uone maajabu. Haya magoti sasa ni ya msichana. Jana nimeenda sokoni na kurudi kwa miguu, muulize wifi yako."

"Ni kweli, wifi," mke wa Cheche alisema, akijifuta viganja kwenye khanga. "Mwezi wa pili huu, asubuhi na jioni. Hata mimi najipaka mgongoni."

"Mafuta gani hayo?"

Cheche ndiye aliyejibu, akitoka karakana na miwani myeusi juu ya paji la uso. "Ya transfoma, dada! Nilichukua kwa ajili ya kupoza mashine yangu, lakini kumbe ni dawa pia. Wenzangu waliogopa, wakasema yana sumu. Nikawaambia, nyamazeni, aliyeyapima ni dada yangu wa damu. Nina nakala ya karatasi yenye saini yako. Nikamaliza ubishi."

Mtaalamu aliitazama ile chupa ya soda. "Ulichukua kwenye transfoma zipi? Za mbele, au za nyuma?"

"Za nyuma. Za mbele wakubwa walishagawana. Sisi wanyonge tukaambulia zenye nyuki."

Mama alicheka. Mtaalamu naye akacheka, au mdomo wake ulicheka, yeye hakuwepo. Akasema anaomba mafuta kidogo, ya kazini. Wifi yake akammiminia kwa moyo mkunjufu kwenye kichupa cha dawa ya kikohozi, akakifuta nje kwa upindo wa khanga ili kisimchafulie mkoba. Mtaalamu alikunywa chai, akaaga, akaondoka.

Jumatatu asubuhi alijifungia ofisini na vichupa vitatu vya kupimia vilivyobaki. Alitikisa, akangoja. Nyeupe. Akarudia, akitumaini amekosea kipimo. Nyeupe. Cha tatu hakuwa na sababu ya kukitumia, lakini alikitumia, akakiinua dirishani kwenye mwanga. Maji matupu.

Alimweleza bosi wake yote. Bosi alisikiliza huku akizungusha kalamu, kisha akainuka akafunga mlango.

"Sumu hii haiui leo wala kesho," alisema kwa sauti ya chini. "Mwambie ndugu yako mafuta yameharibika, akuletee, tuyateketeze panapostahili. Mambo yanaishia hapo. Tukitangaza, leseni inakwenda. Yako na yangu. Na karani ana watoto."

Ni aibu kusema, lakini Mtaalamu aliona ahueni. Alimpigia Cheche mchana uleule akamwambia mafuta yale yameisha muda wake, ayakusanye, asiyaguse tena.

"Yameisha muda, kama maziwa?" Cheche akaangua kicheko. "Dada, acha utani. Na nitayakusanyaje? Nimeshawagawia mafundi watatu. Na yule mama anayekaanga pale kona nilimpa galoni, anasema hayaungui upesi."

"Anakaangia?"

"Mafuta si mafuta? Wewe si ndiye uliyesema safi?"

Simu ilipokatika aliendelea kuishika sikioni. Alitoka akaenda hadi kituo cha basi. Gari la kuelekea kwa Cheche likaja, likajaa, likaondoka. Likaja la pili. Akajiambia kesho atakuwa na maneno mazuri zaidi, akarudi nyumbani.

Kesho yake hakuwa na maneno yoyote. Alimkuta Cheche akichomelea, akasimama mpaka alipomwona.

"Zima mashine, mdogo wangu."

Cheche akazima, akavua miwani.

"Zile za nyuma sikuzipima. Nyuki walinifukuza, ripoti ilikuwa na haraka, nikajaza kwa kubuni. Jana nimepima yale ya kwenu. Yana sumu."

"Karatasi inasema ulizipima."

"Karatasi niliiandika mimi."

Cheche alimtazama kana kwamba anamtafuta dada yake nyuma ya mtu huyu. "Mama anajipaka," alisema.

"Najua."

"Ulijua Jumapili?"

"Jumapili niliogopa. Jana ndiyo nilijua."

"Na jana ukanipigia simu kuniambia yameisha muda."

Cheche aliokota nyundo, akaitazama, akaiweka chini polepole kama kitu cha kuvunjika. "Haya," alisema. "Mkokoteni uko nyuma. Twende kabla yule mama wa kona hajawasha jiko."

Walikwenda, Cheche akivuta na Mtaalamu akisukuma. Mama wa kona alikuwa ameshawasha, na karai lilianza kutoa moshi. Mtaalamu alimwomba aliepue, akamweleza, safari hii bila kupinda. Mwanamke yule kwanza alicheka, akidhani anaonewa wivu wa biashara. Alipomtazama Cheche usoni akaacha kucheka. Akakaa juu ya ndoo iliyofudikizwa.

"Asubuhi hupita watoto wa shule," alisema. "Nimewalisha wangapi mimi?"

"Kosa si lako, mama. Ni langu."

"Lako, lakini mkono ni wangu," mwanamke alijibu, na hakumtazama tena.

Mafundi wawili walirudisha mafuta kwa matusi, wa tatu alirudisha bila neno. Cheche, kwa hasira, alitaka kuyamwaga yote mtaroni wamalize. Mtaalamu alimshika mkono, akamwambia mtaro unakwenda mtoni. Cheche akautoa mkono wake. "Leo ndiyo unajua mto," alisema. Lakini hakuyamwaga.

Mama ndiye aliyebaki. Mtaalamu alikaa naye mkekani akamwambia. Mama alikunja sketi juu, akayatazama magoti yake yaliyong'aa, akayagusa kwa kidole kimoja.

"Kwa hiyo yataanza kuuma tena?"

"Ndiyo, mama."

"Basi nitafutie maji ya moto na sabuni." Akaishusha sketi. "Baba yenu angekuchapa. Mimi sina nguvu hiyo. Nenda ukaseme huko kunakohusika, maana mficha maradhi kifo humuumbua."

Alikwenda siku hiyohiyo, na viatu vyenye vumbi la mkokoteni. Mhandisi wa wakala, mwanamke mnyamavu aliyekuwa karibu kustaafu, alisoma barua yake ya kukiri mara mbili.

"Bosi wako amepiga simu asubuhi," alisema. "Anasema umechanganyikiwa, amekupa likizo."

"Sijachanganyikiwa. Vichupa hivi hapa."

Mhandisi alivipanga mezani, akavitazama muda mrefu. "Nimesoma ripoti mia kama yako," alisema mwishowe. "Sasa sijui nilisoma nini."

Leseni ya Mtaalamu ilifutwa, na kampuni ikafungwa kabla mwezi haujaisha. Karani alikuja kuchukua vitu vyake akampita mlangoni kana kwamba anapita nguzo. Transfoma kumi na tisa zilitafutwa moja moja. Kumi na saba zilipatikana, na kumi na moja kati yake zilikuwa na sumu. Wakala ulitangaza redioni. Mama, wifi, Cheche na mwanamke wa kona walitolewa damu hospitali. Daktari alisema kilichoingia hakitolewi kwa dawa, watapimwa kila mwaka, na kwamba kuacha mapema kumewasaidia. Kumewasaidia kiasi gani, hakusema, na Mtaalamu hakuthubutu kuuliza mbele ya wifi yake. Wifi huyo humwitikia salamu hadi leo. Zaidi ya salamu, hana.

Cheche huzungumza naye, lakini ni habari za mama tu: amelala vizuri, magoti yamevimba, anataka fimbo.

Transfoma mbili hazikuonekana. Mhandisi hakuwa na watu wa kutosha, na Mtaalamu alikuwa na siku nzima zisizo na kazi. Akaomba orodha ya waliofika yadini wakati ule, akaanza kuwazungukia kwa miguu, mtaa kwa mtaa, bila kitambulisho wala cheo. Wengine humsikiliza. Wengine humfungia mlango akiwa katikati ya sentensi.

Jana alifika nyumba moja yenye karakana ndogo ubavuni. Alipiga hodi. Mwanamke mwenye mtoto mgongoni akafungua, akamwona alivyochoka, akamvutia kigoda kabla hajauliza shida yake.

"Karibu, dada, keti kwanza," alisema. "Nikuletee maji?"

Mtaalamu alibaki amesimama. "Ngoja kwanza nikwambie kilichonileta," alisema. "Kisha utaamua kama unanipa."