Ukurasa wa Tisa

Ndoto yangu ya jana haikungoja usiku. Ilinikuta saa za mapumziko, kichwa kikiwa juu ya vitabu vya darasa la pili. Chini ya kiwiko changu ilikuwepo fomu ya Kalunde. Mwalimu Mkuu aliitaka kabla ya saa nane, na ikimfikia tu, Kalunde anarudishwa darasa la kwanza kukaa dawati moja na mdogo wake. Penye sababu nilishaandika: uvivu. Msinitazame hivyo. Mtoto akisimama na kitabu anatiririka. Ukimpa mtihani wa kuandika anarudisha karatasi nyeupe. Wewe ungeandika nini?

Basi, nipo mbele ya darasa, nawaambia watoto kama ninavyowaambia kila siku: "Fuata mstari kwa kidole."

Kidole changu cha shahada kinachomoka mkononi, kinashuka mezani, kinaanza kuufuata mstari. Damu haitoki. Watoto wanaandika tarehe.

"Unakwenda wapi?" nakiuliza.

"Umesema tufuate."

Mstari unatoka kitabuni, unapita sakafuni, unaelekea mlangoni. Nataka kukaa nifikiri, kiti kinasogea. Nakifuata, kinasogea tena. Nyuma ya darasa imekaa Sauti ya Pamoja, ile inayotoka watoto tisini na wanne wanaposoma kwa mkupuo. Imejaza madawati manne na inakula andazi.

"Kalunde yuko wapi?" naiuliza.

"Yumo humu ndani yangu. Yuko salama kabisa, tangu Januari hajasikika."

"Mbona mimi huwa namsikia akisoma peke yake?"

"Huyo ni mimi, mwalimu. Hunibeba kichwani mpaka nyumbani. Mimi ni mzito, lakini hajawahi kulalamika."

Kengele inalia, inanyamaza, inalia tena kama iliyosahau kitu. Saa ya ukutani inasema saa nane kasoro dakika moja, na inasema kwa sauti. Nakikimbilia kidole.

Mlango wa darasa unafungukia sokoni. Kidole kimesimama mbele ya sinia la karanga. Juu ya sinia umekaa ukurasa wa kitabu, umeviringishwa na kujazwa karanga hadi shingoni.

"Shikamoo, mwalimu," unasema.

"Marahaba. Wewe nani?"

"Ukurasa wa tisa, wa kitabu cha Kalunde. Wa kumi yuko mgongoni kwangu, amelala. Tulichanika Februari."

"Haiwezekani. Kalunde amekusoma mbele yangu Ijumaa."

"Alinisoma vizuri?"

"Hakukosea hata neno."

"Nashukuru kusikia," unasema ukurasa. "Mimi nilikuwa hapa na karanga zangu. Samahani, mwalimu, ulikuwa ukitazama kitabu, au ulikuwa ukisikiliza tu?"

Kidole kinarudi mahali pake bila kuniomba ruhusa, nami nikazinduka.

Ilikuwa saa nane kasoro robo. Nilikichomoa kitabu cha Kalunde kutoka kwenye rundo, nikakipekua. Ukurasa wa saba. Wa nane. Wa kumi na moja.

Kati yao palibaki ukingo mwembamba wa karatasi iliyochanika. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona tangu nianze kazi hii. Niliichana fomu vipande vinne, nikatoka kumtafuta mtoto.

Nilimkuta peke yake bombani, anaosha mikono taratibu, kama mtu asiyetaka kumaliza.

"Kalunde, mama, hebu nisomee ukurasa wa tisa."

Nilimshikia kitabu wazi pale palipochanika. Alifuta mikono kwenye sketi, akasimama wima, akaweka kidole kwenye mstari wa kwanza wa ukurasa wa kumi na moja. Akasoma ukurasa wa tisa wote, na kidole chake kikitembea vizuri kabisa juu ya maneno mengine. Mbuzi wa hadithi ile walikuwepo, bibi yao alikuwepo, hakuacha hata nukta.

Machozi yalinitoka mbele ya mtoto. Alipomaliza, aliinua macho.

"Nimekosea wapi, mwalimu?"

"Hujakosea wewe," nikamwambia. "Kaa hapa. Leo tunasoma herufi moja tu, mimi na wewe."