Ratiba ya Fundi Cherehani

Saa moja na dakika kumi asubuhi, fundi cherehani alikuwa akitia vifungo kwenye sare za shule. Kombora la waasi likaingia kupitia ukuta wa mashariki, likatoboa kaptura kumi na moja zilizotundikwa kwenye kamba, likatokea dirishani na kulipukia choo cha ofisi ya ardhi. Choo hicho kilikuwa kimefungwa mwaka wa pili sasa kikisubiri ukarabati, kwa hiyo hakuna aliyeumia, na ukarabati ukafutwa.

Tundu lililobaki ukutani lilikuwa na upana wa sahani. Halikuonyesha barabara. Lilionyesha kilima ambako kombora lilirushwa, kilometa thelathini kutoka hapo, na kando ya mtambo alikaa kitinda mimba wa fundi, aliyeaga miaka miwili iliyopita akisema anakwenda kusomea umeme.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umeme wenyewe ndio huu?"

Kijana akatazama viatu vyake.

Jirani, muuza mkaa, alichungulia. "Kanenepa," alisema.

"Kavimba," fundi akajibu. "Hali mboga huyo."

Akamwambia mwanawe apite hapo arudi nyumbani. Kichwa kilipita, mabega yakakataa. Wakabomoa matofali, tundu likabaki vile vile, kipimo cha kombora.

"Alhamisi tunapiga tena," kijana alisema. "Utakuwa wapi, nimwombe mkubwa tuelekeze kwingine?"

"Kila mahali."

"Mama, acha utani."

"Shuleni, basi. Napeleka sare."

Alhamisi shule ilisalimika. Kombora lilikwenda kituo cha mabasi, likaua makondakta wawili.

Habari zikaenea, na watu wakaanza kumkodi fundi kama wanavyokodi viti vya harusi. "Wewe kaa tu, dada," wauza nyanya walimbembeleza. "Hata nyanya usishike." Mkuu wa wilaya hakupenda vurugu. Alitoa ratiba yenye muhuri, ili haki itendeke kwa wote. Jumatatu hadi Ijumaa fundi angekaa ofisini kwa mkuu wa wilaya. Jumamosi na Jumapili, nyumbani kwa mkuu wa wilaya. Askari aliwekwa kando ya tundu kuhakikisha fundi anataja mahali sahihi.

Muuguzi wa zahanati alikwenda ofisini mwenyewe. "Naomba Jumatano moja tu. Siku ya chanjo." Akaambiwa ajaze fomu. Fomu zilikuwa zimekwisha.

Jumatano fundi alikaa kwenye kiti chenye mto, akaletewa chai. Saa tatu kombora likaangukia zahanati.

Jioni fundi aliporudi, kijana alichungulia tunduni, jasho likimtoka.

"Mama, hukuwepo zahanati?"

"Alikuwepo muuguzi. Na kina mama saba, na watoto wao."

"Lakini wewe hukuwepo."

"Sikuwepo."

Kijana akashusha pumzi. "Na kesho?"

Askari akakohoa kidogo.

"Ofisini," fundi akasema.