Kengele ya Mbuzi

"Sema, mwanangu. Hii ni nini?"

Mbodze aliishika kengele ya mbuzi kwa mikono miwili, akainamisha kichwa. Mwalimu Nthambi akangoja. Mtoto huyu ukimharakisha, basi tena. Tangu muhula uanze hakuwa ametamka neno darasani, na baba yake, mzee Randu, alishasema waziwazi: asiyesema shuleni aje achunge, mbuzi hawamtaki aseme.

Ndiyo sababu Nthambi alileta darasani kikapu cha vitu vya nyumbani. Kila asubuhi mtoto mmoja alitoa humo kitu, mwiko au kifuu au kibatari, akawaeleza wenzake. Wengine walikwisha kuwa wasemaji hodari. Kengele ya leo Nthambi aliiazima kwa kina Mbodze mwenyewe, kwa kusudi.

Mbodze akaitikisa, ikalia, akacheka. Maneno yakamtoka kwa Kiduruma, mengi: mbuzi gani huivaa, alipotelea wapi, yeye alimpataje kwa kusikiliza tu. Nthambi, Mkamba wa Shimba Hills, hata nusu yake hakuielewa, lakini moyo ulimjaa furaha. Kiswahili kingekuja, kwanza mtoto aseme. Akageukia ubao afute machozi, watoto wasimwone.

Laiti asingegeuka! Mwero, kiranja, alifanya alivyofunzwa na shule nzima. Alikitungua ukutani kibao cha kuwaaibisha wasemao lugha ya nyumbani, kibao ambacho Nthambi hakuwahi kuthubutu kukiondoa, akamvika Mbodze shingoni. Darasa likaangua kicheko. Nthambi alimvua kibao, akamkumbatia, akamsihi. Wapi! Mdomo ulikwisha fumbwa.

Juma lililofuata Mbodze hakuja. Jumamosi Nthambi aliichukua kengele, akaenda malishoni kuirudisha, angalau apate kisingizio cha kumwona. Kabla hajafika alisikia sauti nyuma ya kichaka, ikisimulia, ikiuliza, ikijijibu. Mbodze alikuwa akizungumza na mbuzi. Nthambi alisimama palepale, akatamani isikome. Kisha akakanyaga kijiti kikavu.

Sauti ikakatika.

"Mbodze, ni mimi, mwalimu wako. Nimekuletea kengele yako."

Mkono wa mtoto ulipanda shingoni, ukapapasa, kana kwamba kamba ya kibao ingali pale. Kisha akaipokea kengele kwa mikono miwili, kwa adabu, bila neno. Akaifunga shingoni mwa mbuzi wake, akamswaga. Nthambi alibaki akiisikiliza ikilia, ikienda mbali.