Kaa wa Jiwe la Tano

Vifungo vyote vya shati vilikuwa vimefungwa, kuanzia ukosini hadi chini. Kamba za viatu nazo zilikuwa zimefungwa mafundo mawili mawili, na soksi zimo ndani ya viatu. Ni mgongoni tu ambapo shati lilikuwa limechanika, mchano mmoja ulionyooka kutoka kiunoni kwenda juu. Polisi aliyemkabidhi Fundi Meno mfuko wa nguo hizo za mumewe alisema ni miamba hiyo, mama, miamba ya pale ina makali na maji hayana huruma. Fundi Meno akaitikia kwa kichwa, akatia sahihi kwamba amepokea, akaenda nyumbani akalizika shati chini kabisa ya droo ya nguo zake. Miaka saba ikapita hajamwonyesha mtu, hata binti yake wa pekee.

Fundi Meno ni jina alilopewa na kazi. Alikuwa amewatengenezea watu meno ya bandia tangu usichana wake, na nusu ya mtaa ilikuwa ikicheka kwa kazi ya mikono yake. Mumewe alikuwa mpima ardhi, mrefu, mchache wa maneno, na kila mtu alimwita Mpimaji, mkewe akiwa wa kwanza. Wengine hukusanya stempu, wengine hufuga njiwa. Hawa wawili walikusanya kaa waliogeuka mawe. Majirani walivunjika mbavu. "Mwenzetu anawapa walio hai meno na wafu kucha," walisema, na yeye akicheka pamoja nao, maana ilikuwa kweli.

Kazi waliigawana. Mpimaji alikwenda ufukweni maji yakipwa, akatembea chini ya lile genge la udongo mzito, akiokota mawe ya mviringo yaliyoporomoka, makubwa kuliko ngumi kidogo, ambayo mtu mwingine angeyapiga teke akapita. Kila jiwe aliliandika nambari kwa wino. Fundi Meno aliyafungua katika chumba cha nyuma, kwa sindano, brashi na kalamu ya upepo, chombo chenye ncha ya chuma inayodunda kwa nguvu ya kompresa na kulila jiwe punje kwa punje. Kaa mmoja aliweza kumla miezi. Lakini pale ambapo gando la kwanza lilichomoza, jeusi na linalong'aa, likiwa na chunusi zake zote, alisahau mgongo uliomuuma na chai iliyopoa.

Siku aliyopotea, Mpimaji alikwenda ufukweni peke yake. Kando ya nguo zake ulikutwa mfuko, na ndani ya mfuko mawe matano, yenye nambari moja hadi tano. Nguo zilikutwa na mawe yalikutwa. Mwenye nguo na mawe hakukutwa.

Fundi Meno aliyafungua mawe yale taratibu, kama mtu anayetafuna mkate wa mwisho. Kila moja aliliacha na tope lake, hata asiliguse kwa maji mpaka zamu yake ifike. Katika miaka saba alikuwa amefungua manne. Yote manne yalikuwa na kaa, na kaa wote wanne walikuwa watupu.

Hapa lazima nieleze, maana hapa ndipo mambo yote yalipofungwa. Kaa hukua kwa kujivua. Gamba likimbana, hupasuka nyuma, kwenye mshono kati ya mgongo na tumbo. Kifuniko cha mgongo huinuka, naye hutoka kinyumenyume, laini, mzima, akaenda zake. Anachoacha ni kaa kamili: magando, miguu, hata vifuniko vya macho. Kwa hiyo akikutwa ndani ya jiwe, swali ni moja: huyu alikufa humu, au aliacha vazi tu? Ukikiona kifuniko kimelala sawasawa, alikufa. Ukikiona kimeinuka nyuma, usimlilie, hakuwamo.

Somo hilo alilipata kwa kosa. Kaa wake wa kwanza, walipokuwa bado maharusi, alimtoa kifuniko kikiwa kimeinuka na kwenda upande. Akadhani kimevunjika. Akatia gundi ya kazini, akakikandamiza kwa kidole gumba akihesabu hadi sitini, kama anavyobandika jino. Mpimaji aliporudi alimgeuzageuza kaa yule mkononi.

"Umefunga mlango," alisema, "na mwenyewe ameshatoka."

Akamweleza habari ya kujivua, na macho yake yaling'aa alipofika pale pa kutoka. "Laini, mke wangu. Mzima. Anaacha kila kitu kilichombana, anaenda zake." Fundi Meno aliona haya hata akamrudisha kaa yule ndani ya jiwe lake. Lilikuwa limepasuka vipande viwili, likawa kama kijaluba na mfuniko wake. Akalifunga kwa uzi, akalitia katika droo ya chini ya meza ya kazi. Hakulifungua tena.

Basi, wiki moja kabla ya siku ninayoisimulia, binti alikuja na karatasi. Alikuwa na mimba ya miezi saba, na aliketi kwa kujishikilia meza.

"Mama, mahakama inataka sahihi yako tu. Muda umetimia."

"Muda wa nini?"

"Unajua wa nini." Akaisukuma karatasi. "Kila fomu ninayojaza inaniuliza, baba yu hai au ni marehemu? Juzi kliniki wameniuliza. Nikaandika 'sijui'. Nesi akanitazama kama mwendawazimu."

"Sijui ndiyo kweli yenyewe."

"Haya, huyu naye?" Binti akaweka mkono tumboni. "Akiniuliza babu yuko wapi, nimwambie nini? Yumo kwenye mfuko wa mawe?"

Fundi Meno aliigeuza karatasi uso chini. Mtu mzima aliyekwishatengeneza maelfu ya meno hapendi kukiri kwamba ameweka nadhiri na jiwe. Lakini alikuwa ameiweka. Kaa wanne watupu, mfululizo, kutoka ufuo ambao miaka yote uliwapa wafu tisa kwa kila gamba moja! Alikuwa amejiambia: wa tano akiwa amekufa humo ndani, nami nitasema mume wangu amekufa. Akiwa ametoka, siitii wino karatasi hiyo hata waje na jeshi.

"Nipe hadi Jumamosi, mwanangu," alisema. "Limebaki jiwe moja."

Jumamosi asubuhi alijifungia chumba cha nyuma. Hakuhitaji kummaliza kaa mzima. Ukingo wa nyuma tu ungemtosha. Aliliosha jiwe la tano katika beseni, tope la miaka saba likatoka jeusi, likanuka ufuo. Nambari ya Mpimaji ikaonekana, ile tano yake yenye mkia mrefu. Akalilaza juu ya mfuko wa mchanga, akavaa barakoa na miwani ya kukuzia, akawasha kompresa.

Ilikuwa rahisi mno. Jiwe la ufuo ule lilikuwa gumu, ungelipiga ncha ya chuma dakika kumi upate unga usiojaza kijiko. Hili lilikatika kwa ulaini kwenye mstari mmoja uliolizunguka, na unga wake ulikuwa wa manjano kidogo. Alisimamisha kazi asikilize, maana alidhani kalamu imeharibika. Kompresa ilizimika. Kudunda kukaendelea pumzi moja zaidi, kwa mbali, chini ya kiganja chake, kisha kukakoma. Akajiambia ni upepo uliobaki kwenye mpira. Hakujiamini, lakini alijiambia hivyo.

Akagusa tena mstari ule kwa sindano tu, na jiwe likafunguka lenyewe, vipande viwili.

Kaa alikuwa safi. Hakuwa na hata punje ya kuondolewa. Kila mguu ulikuwa umekwisha kuchongwa, kila chunusi ya gamba imesuguliwa kwa brashi, na kwenye gando la kulia palikuwa na mkwaruzo mdogo uliopinda. Nywele zilimsimama. Mkwaruzo ule aliujua. Aliufanya yeye, kwa mkono ambao bado ulikuwa mgeni wa kalamu, zaidi ya miaka thelathini iliyopita.

Na kifuniko kilikuwa kimeinuka. Ukingoni mwake palikuwa na ufito mwembamba wa gundi yake ya kazini, iliyozeeka ikawa rangi ya asali, imelainishwa na kukwanguliwa kwa uangalifu wa mtu mwenye nafasi ya kutosha.

Alipiga magoti akaivuta droo ya chini. Uzi ulikuwamo, umekunjwa vizuri. Pamba ilikuwamo, na katikati ya pamba shimo la mviringo.

Wiki ile ya mwisho kabla Mpimaji hajapotea ikamrudia yote. Binti, wakati huo msichana wa sekondari, akipiga kelele mezani kwamba nani amemaliza dawa yake ya kufutia rangi ya kucha, chupa nzima, wiki haijaisha! Yeye akimkemea mtoto kwa kupiga kelele. Na Mpimaji akinywa chai yake, macho kwenye kikombe. Dawa ile hula gundi. Hilo fundi yeyote wa meno analijua, na mume wa fundi hulijua pia.

Alikaa sakafuni. Kwanza alifurahi, na furaha yenyewe ilimtia aibu: yu hai, ametoka, amekwenda zake! Kisha ikaja hasira. Kumbe Mpimaji alimfungua yule kaa usiku na mchana wa wiki nzima chini ya pua yake, akaliziba jiwe upya, akalitia mfukoni, akaliandika nambari, akajua mkewe ataanza na la kwanza na kumalizia na la tano kwa kuwa yeye ni mtu wa kufuata nambari. Alimpimia miaka. Angeweza kusema neno. Hata mtu mchache wa maneno ana neno moja la kumwachia mwanawe.

Ndipo alipokumbuka mgongo wa shati, na hasira yote ikamtoka ghafla, ikabaki baridi. Mtu anayetoroka hufungua vifungo. Hukaa kwenye jiwe akavua viatu. Fundi Meno alijua namna zote za kuingia na kutoka kwenye gamba, na hakujua hata moja ya kutoka kwenye shati lililofungwa hadi ukosini, ila ile ya kaa, kwa mgongoni.

Lango lilipolia saa tisa alasiri alikuwa bado pale pale, kaa yuko mapajani.

Binti aliingia akihema, karatasi mkononi, akamkuta mama sakafuni. "Mama! Umeanguka?"

"Sijaanguka. Nilikaa."

Akamsaidia kuinuka, tumbo likiwa kati yao, na wote wawili wakacheka kidogo kwa ugumu wa shughuli ile. Kisha binti akamwona kaa, ambaye mama alikuwa amemrudisha juu ya mfuko wa mchanga.

"Ndiye huyo? Wa mwisho?" Akainama. Sauti yake ilishuka. "Huyu naye alitoka, au alikufa?"

Fundi Meno alimtazama. Alimwona mtoto aliyejifunza kwa miaka saba kuandika "sijui", ambaye sasa alishika ukingo wa meza kwa vidole vilivyovimba, akingojea jibu kama mtu anayengojea kuambiwa aketi. Akaiona kweli yake mwenyewe ilivyo: baba yako hakuchukuliwa na maji, alitayarisha, alikaa nasi mezani akinywa chai huku amekwisha kuondoka. Au ile kweli nyingine, iliyokuwa kwenye droo ya nguo, ambayo hakuwa na maneno yake. Angempa ipi kati ya hizo akalee nayo mtoto?

"Alikufa," alisema.

"Mbona kifuniko kimeinuka?"

"Mimi nilikivunja. Mkono umezeeka." Akavuta kopo la gundi. "Nitakirudisha sasa hivi."

"Alikufaje?"

"Tope lilimfunika. Mara moja, mwanangu. Hakuhangaika. Hakuwa na pa kwenda wala hakutaka kwenda."

Binti akaanza kulia, kilio cha chini kilichokuwa kimesubiri kwa muda mrefu, na alipofuta uso alionekana mdogo na mwepesi. "Ahsante, mama," alisema, ingawa hakuna aliyesema wanashukuriana kwa nini. Akaitandaza karatasi mezani, akaweka kalamu juu yake.

Fundi Meno alipaka gundi ukingoni, mstari mwembamba, palepale pa zamani. Akakishusha kifuniko, akakikandamiza kwa kidole gumba cha mkono wa kushoto. Kwa mkono wa kulia akaichukua kalamu. Moja, mbili, tatu, alihesabu moyoni, akitafuta mahali pa kuandika. Marehemu. Jina. Mke wa marehemu. Aliandika yote kwa hati yake nzuri ya kazini. Arobaini na nane, arobaini na tisa. Akatia sahihi.

Alipofika sitini alitaka kuondoa kidole, akasita.

Palikuwa na kitu. Kidogo sana, kwa ndani, nyuma karibu na mshono, kikisukuma juu bila haraka. Aliongeza nguvu. Kikatulia. Alipolegeza, kikaanza tena.

Binti alikuwa amekwisha kuikunja karatasi na kuitia mkobani. Alisimama mlangoni akimngoja wakanywe chai.

"Imeshika, mama?"

Fundi Meno aliweka na kidole gumba cha pili juu ya cha kwanza.

"Bado, mwanangu," alisema. "Tangulia tu. Bado kidogo."