Ukaguzi wa Kucha

TANGAZO. Uongozi unawataarifu wanamafunzo wote wa ufundi sola, hususan waliowahi kuchoma mkaa, kuwa siku ya mtihani wa vitendo utafanyika ukaguzi wa kucha na viganja. Atakayekutwa na masizi hataruhusiwa kugusa paneli. Mkono mchafu ni adui wa jua.

Uongozi wenyewe ulikuwa mimi, Zablon, kidato cha tatu, niliyeketi juu ya ndoo nyumbani kwetu Zuzu siku za likizo. Bwenini kwetu kiranja hutukagua kucha kila Jumatatu, nami nilitamani kuona wanaume wenye ndevu wakinyoosha mikono mstarini kama darasa la kwanza. Ijumaa mchana nikalibandika kwa gundi kwenye mlango wa kituo cha mafunzo, Makole, nikaondoka na utulivu wa mtumishi aliyetimiza wajibu wake.

Miongoni mwa wanamafunzo alikuwamo mjomba Matonya, mdogo wake mama. Alichoma mkaa miaka ishirini, hadi askari wa misitu walipomnyang'anya shoka na baiskeli. Tangu hapo nyumba yake ilikula mara moja kwa siku, ugali kwa mlenda. Mafunzo yalikuwa ya bure, na ambao wangefaulu mtihani wa Jumatatu wangeajiriwa kufunga pampu za sola kwenye visima vya vijiji vya Mpwapwa. Nafasi ya kurudia haikuwapo.

Sikujua kwamba siku ile wengine walikuwa wameshaondoka, amebaki mjomba peke yake ndani. Husoma polepole, kwa hiyo alilibandua tangazo akalisomee nyumbani. Hakuna mwingine aliyeliona.

Jumamosi nilimkuta nyuma ya nyumba yake na beseni, mafuta ya taa, sabuni ya unga na kipande cha msasa. Masizi yalikuwa yamezama katika nyufa za vidole vyake.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Eti mpwa wangu, shuleni kwenu masizi mnayatoaje?"

Mkewe, Paulina, alicheka. "Unajisugua kama sufuria ya harusi! Ukimaliza nikuanike?"

"Niache, mama. Wakubwa wameandika."

"Sugua tu, mjomba," nikasema kwa sauti ya daktari. "Kwa nguvu."

Jumatatu alikwenda mtihanini na viganja vimevimba, ngozi imetoka. Alitakiwa kumenya nyaya na kukaza paneli nne juu ya bati kwa dakika arobaini. Koleo lilimponyoka mara mbili. Mara ya tatu liliserereka likaanguka karibu na miguu ya mwalimu Edina, msimamizi wa mtihani. Muda uliisha paneli mbili zikiwa hazijakazwa.

Jioni nilimkuta kajifunga vitambaa mikononi. Alikuwa ameshakubaliana na jirani waende porini kesho yake, kwa shoka la kuazima.

"Hakuna aliyeniangalia kucha," alisema. "Labda sikuelewa. Hebu nisomee, wewe msomi."

Akanipa karatasi iliyokunjwa. Nikaisoma kwa sauti ya paredi, bila kusitasita, na sentensi ya mwisho nikaitamka kwa madaha.

"Rudia hapo mwisho."

"Mkono mchafu ni adui wa jua."

Akaichukua karatasi, akapitisha kidole kilichofungwa kitambaa chini ya mistari, neno baada ya neno, mpaka ukingoni palipochanika.

"Hapa inaishia kwenye 'paneli'. Kipande cha chini kilibaki mlangoni. Hayo ya jua umeyasoma wapi?"

Mkewe aliacha kusonga ugali. Nikaiacha sauti ya paredi.

"Niliandika mimi, mjomba. Nilitaka kucheka tu."

"Na Jumamosi, uliponikuta nasugua?"

"Nilijua ni kwa ajili ya tangazo."

"Ukasemaje?"

"Nikasema usugue."

"Sema yote."

"Kwa nguvu, mjomba. Nilisema usugue kwa nguvu."