Herufi Zisizozidi Kumi na Sita

1.

Ndani.

Radhia yuko ndani. Tuanzie hapo, maana ndiko aliko na ndiko alikokuwa. Miaka yote ya ndoa, mumewe Swalehe akitoka kwenda kwenye mashine yake ya kusaga alifunga mlango kwa nje, ufunguo akauvaa shingoni kama hirizi. Kisha lori likamgonga njia panda ya Kondoa, akafa. Kufuli limetundikwa msumarini. Mlango uko wazi. Na Radhia bado yuko ndani, kwa kuwa mjane hukaa eda, na mjane mwenye mimba eda yake haiishi mpaka ajifungue.

Usiilaumu eda, eda ni heshima. Ila jaribu wewe kumheshimu maiti katika chumba alichokufungia, halafu uje uniambie.

2.

KUTOKA: Kamati ya Majina
KWENDA: Mgunduzi

Asteroidi uliyoiona ukiwa mwanafunzi imefuatiliwa kwa miaka ya kutosha. Njia yake imethibitika na imepewa namba ya kudumu. Sasa una haki ya kuipendekezea jina.

(a) Herufi zisizidi kumi na sita.
(b) Litamkike.
(c) Lisiwe tusi. Lisiwe la bidhaa.
(d) Wanasiasa na wanajeshi wasubiri mpaka watimize miaka mia kaburini.
(e) La paka wako, tunakuomba uache.
(f) Eleza kwa ufupi maana ya jina.

Angalizo: jina likishatangazwa halibadilishwi.

3.

Barua hiyo aliileta Editruda, rafiki yake wa tangu sekondari, ambaye sasa anafundisha shule ileile waliyosoma. Aliificha mkobani, chini ya mchele wa kuhani msiba.

"Shoga, lile jiwe letu limepata namba!"

"Jiwe gani?"

"We Radhia! Kitumbua!"

Radhia akacheka. Hajacheka tangu

basi, tangu.

Walikuwa klabu ya sayansi. Shule ilitumiwa picha za anga, picha nne za kipande kilekile. Ukizipitisha harakaharaka, nyota zinatulia. Kinachohama ndicho cha kutazamwa. Wenzake walikuwa wanakula vitumbua kwa kificho nyuma ya kompyuta. Yeye ndiye aliyeliona doa likihama. "Lile pale!" akapiga kelele, kitumbua mdomoni. Tangu siku hiyo doa likaitwa Kitumbua. Lilikuwa jina la utani tu, kwa sababu la kweli husubiri miaka, mpaka wakubwa wahakikishe kwamba jiwe halitawapotea.

Vyombo, kitanda, simu, hata khanga alizovaa vilikuwa vya Swalehe. Jiwe lilikuwa lake.

4. (hapa nasema mimi, msimulizi, Radhia kalala)

Unajua walianzaje? Na miungu wa kike. Wazungu wa zamani waliona mawe ya kwanza kati ya sayari za Mirihi na Mshtarii, wakayapa majina ya miungu wa kike wa hadithi zao. Mawe yakazidi, miungu wakaisha. Wakaingia wake zao, shangazi zao, miji, waimbaji, vyakula, wanafunzi waliofaulu. Mengi hadi leo yana namba tu, kama wafungwa. Na anayekuuzia cheti cha jina la asteroidi ni tapeli, mfukuze.

Jiwe lenyewe halijui linaitwaje. Anayejua ni aliyeliita.

5.

Uani. Sauti mbili: Mustafa, mdogo wake marehemu, na Mama Sikudhani, mama yao. Radhia anasikia kupitia dirishani.

"Mama, kumbe kuna jiwe huko juu linatafuta jina."

"Nimesikia."

"Basi liitwe Swalehe. Na mtoto akiwa wa kiume, Swalehe. Jina jema hung'ara gizani."

"Mh."

"Mh nini, mama?"

"Moto unazimika, mwanangu. Sogeza kuni."

6.

Swalehe, njoo unyonye.
Swalehe, amka uende shule.
Swalehe, funga ml

Hapana.

Aliogopa, nasema wazi. Hakuwaogopa shemeji wala wazee. Aliogopa kinywa chake mwenyewe: kwamba atamwita mwanawe kila asubuhi kwa jina lilelile lililokuwa likizungusha ufunguo, na siku moja mtoto ataitika kwa sauti ileile.

7. (jiwe)

Sina mlango. Sina pa kwenda pia. Napita nilipopita jana. Kuna mtu aliniona mara moja, mdomo umejaa, kisha akaitwa akaolewe.

8.

Wa kiume.

Eda ikaisha asubuhi. Asubuhi ileile ikaanza arobaini, maana mzazi naye hatoki. Mlango wazi.

Ndani.

9. KIKAO CHA UKOO

Ajenda: jina.
Waliohudhuria: wanaume.
Aliyeingia bila kuitwa: Mama Sikudhani.
Hoja ya Mustafa: mtoto na jiwe, wote Swalehe.
Hoja ya Mama Sikudhani: katika ukoo huu jina la marehemu hurithiwa mara moja tu. "Warithi wawili, dua imfikie nani? Mlinifundisha ninyi wenyewe nilipoolewa hapa."
Swali la Baba Mkubwa: kati ya mtoto na jiwe, kinachodumu ni kipi?
Jibu la Mama Sikudhani: "Mtoto huugua surua. Jiwe huugua nini?"
Uamuzi: jina liende kwa jiwe.
Sharti la Mustafa: Kamati ikilikataa, jina linarudi kwa mtoto.
Maoni ya mama mzazi: hakuulizwa.

10.

"Mama, umenimaliza," Radhia alisema, machozi yanamtoka. "Jiwe lile ni langu. Kitu changu kimoja, na hicho nacho umempa!"

Mama Sikudhani akaketi ukingoni mwa kitanda. Akanyoosha mkono wa kushoto, ule usiokunjuka vizuri.

"Huu unaujua?"

"Ulianguka kisimani."

"Kisima gani! Alinivunja baba mkwe. Nilichelewa kumfungulia mlango. Unajua aliitwaje?"

Radhia alijua. Katika nyumba hiyo nani asiyejua babu aliitwaje.

"Nikazaa mtoto wa kiume, wakampa hilohilo. Nami hawakuniuliza. Nilimpenda mwanangu, wallahi nilimpenda, lakini kila nikimwita mkono uliniuma. Na nikiona kufuli mlangoni pako nilikuwa napita. Nilipita, Radhia. Mungu ananiona."

Mtoto akajinyonganyonga, akatulia.

"Sasa niambie wewe uliyesoma. Hilo jiwe liko mbali?"

"Mbali sana, mama."

"Linakuja huku?"

"Haliji. Linazunguka hukohuko."

"Hata kupita tu?"

"Hata kupita."

"Na jina likishakaa halitoki?"

"Halitoki."

Mama Sikudhani akauvuta mkono wake, akaufunika kwa khanga.

"Basi andika."

11.

JINA LINALOPENDEKEZWA: Swalehe
HERUFI: saba
MAANA: Kwa Kiarabu, mtu mwema. Jiwe hili limepewa jina hilo na mama wa marehemu na mke wake, ili likae

Kalamu ilisimama hapo. Editruda, aliyekuja na simu ya kutuma ombi, akauliza kama sentensi imekwisha. Radhia akasema imekwisha. Kitumbua hakukitaja.

12.

MAJIBU: Ombi limepokelewa. Kura ya Kamati huweza kuchukua miezi.

Miezi! Na kesho ni siku ya saba, ya kumpa mtoto jina, mbuzi kashafungwa uani.

Editruda alimwinamia mtoto, akayaona yale mashavu. "Jamani, kitumbua!" Radhia akageukia ukutani, akacheka na kulia kwa pamoja.

Mustafa akabisha hodi, akabaki nje ya pazia.

"Shemeji, wamekubali?"

Wanawake watatu walitazamana.

"Wamekubali," akasema Mama Sikudhani, kwa sauti ya mtu anayeomba chumvi.

"Alhamdulillahi. Basi kesho mapema."

Viatu vyake vikaenda.

"Mama," Radhia alinong'ona, "na wakikataa?"

"Kesho mtoto ataitwa jina lake mbele ya watu wote. Si umenisomea wewe mwenyewe? Likishatangazwa halibadilishwi." Akamnyanyua mjukuu kwa mkono mzima, akamwegemeza kwenye ule mbovu. "Haya. Ataitwa nani?"

Hakuna aliyewahi kumuuliza.

Radhia akafungua kinywa.